Sura ya Tano: Mtaji wa Maskini

Ukitoka Bukavu kwa barabara ya kwenda Goma, Ziwa Kivu likiwa upande wako wa kulia, unapita Miti, unapita Kavumu penye uwanja wa ndege, halafu unaiacha barabara kuu na kupanda kushoto kuelekea milima ya Kahuzi. Kilomita 40 hivi kutoka mjini, katikati ya migomba ya Kabare, unakuta majengo makubwa ya utafiti yaliyojengwa enzi za Wabelgiji. Yana maktaba, makusanyo ya wanyama na mimea, na mitambo ya kunasa mitetemeko ya ardhi. Hapo ndipo Lwiro. Taasisi iliyoyajenga, IRSAC, iliundwa mwaka 1947. Leo ni Kituo cha Utafiti wa Sayansi za Asili, CRSN. Na hapo hapo Lwiro pana hospitali ya watoto.

Naanzia hospitalini, ingawa sura hii inahusu watu wanaoishi kwa kupiga na kupigwa mateke. Waswahili husema mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Msemo huo tunautamka kila siku kwa wabeba mizigo, kwa vibarua, kwa wavuvi. Lakini sijui kazi inayoutekeleza neno kwa neno kama kazi ya mpiganaji wa ngumi na mateke, ile ambayo vijana wanaiita kikiboksi. Yeye hana jembe, hana chombo, hana duka. Ana miguu miwili, mikono miwili na kichwa, na hivyo ndivyo anavyovitumia mpaka viishe. Sasa mtaji wowote una mtu aliyeuweka mwanzo. Mtaji huu unawekwa na nani, na lini?

Lwiro inalijua jibu vizuri. Kwa miongo mingi madaktari wa hospitali ile wamewatibu watoto wa Bushi, nchi ya Washi, wenye ugonjwa ambao wenyeji wanauita bwaki: miguu imevimba maji, nywele zimepoteza weusi, ngozi inabanduka, na mtoto hataki tena kucheza. Vitabu vya udaktari vinauita kwashiorkor, neno lililochukuliwa kutoka lugha ya Ga ya Ghana. Mara nyingi humpata mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amekuja, akahamia kwenye ugali wa muhogo, chakula kinachojaza tumbo lakini chenye protini kidogo mno. Watafiti wa Lwiro walifanya jambo ambalo ni nadra katika Afrika. Waliwatafuta tena watu waliotibiwa hapo utotoni kati ya mwaka 1988 na 2007, miaka 11 hadi 30 ikiwa imepita, wakawalinganisha na wenzao wa vijiji vile vile ambao hawakuugua. Waliougua walikuwa wamebaki nyuma shuleni na katika vipimo vya akili, na hata katika namna walivyojithamini wenyewe. Mtoto alipona, akaruhusiwa kwenda nyumbani, akakua, akaoa au akaolewa, lakini deni la miaka ile miwili mitatu liliendelea kudaiwa.

Kuna kisa kingine cha chakula ambacho siwezi kukipita. Sambaza, wale samaki wadogo wanaouzwa kwa vikombe katika kila soko la Kivu, si wenyeji wa ziwa hili. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 wakamwagwa Kivu, wakaongezeka mpaka wakawa uvuvi mkubwa wa ziwa zima. Kwa watu wa ukingoni, protini ya bei nafuu ilikuja kwa ndoo. Mama anayemwekea mwanawe sambaza juu ya ugali anamwekea mtaji.

Sasa tuingie ulingoni.

Mchezo wenyewe si wa zamani kama wengi wanavyodhani. Ulizaliwa Japani miaka ya 1960, pale promota wa ngumi Osamu Noguchi alipotaka kuwakutanisha watu wa karate na watu wa ndondi ya Thailand, akatunga kanuni za kati na kuupa jina. Mholanzi Jan Plas alikwenda Japani, akajifunza kwa Kenji Kurosaki, akarudi na mwaka 1978 akafungua Mejiro Gym mjini Amsterdam. Kutoka katika jimu ile na nyingine chache, kama Chakuriki ya Thom Harinck, Uholanzi ikawa nchi ya kwanza duniani katika mchezo ambao haukuwa wake. Kombe la K-1 lilipoanza Tokyo mwaka 1993, fainali ya kwanza ilimkutanisha Branko Cikatić wa Kroatia na Ernesto Hoost wa Uholanzi. Cikatić alishinda usiku ule, lakini Hoost alirudi akalitwaa mara nne.

Waholanzi waliongeza kitu kimoja kilichobadili mchezo wote: walifunga mfululizo wa ngumi kwa teke la chini. Ngumi mbili tatu zinakwenda kichwani ili mikono ya mpinzani ipande na uzito wake utulie juu ya mguu wa mbele, kisha muundi unatua kwenye paja. Zingatia kwamba ni muundi, si wayo. Mpiganaji anayepiga kwa wayo anaweza kuvunja vidole vyake mwenyewe. Teke kama hilo haliangushi mtu mara moja, na mtazamaji asiyezoea anaweza asilione kabisa. La kwanza linauma. La tatu linafanya misuli ikaze. La saba linaufanya mguu ufe ganzi, na mtu ambaye mguu wake umekufa ganzi hawezi kukwepa, wala hawezi kupiga ngumi yenye uzito, kwa sababu nguvu ya ngumi hutoka sakafuni. Nimewasikia watu wakiuita mchezo huu wa vurugu. Kwa macho yangu uko karibu zaidi na kazi ya mkata mti: anachagua sehemu moja na kuirudia.

Kinga yake ni kuinua goti na kulipokea teke kwa sehemu ngumu ya juu ya muundi, mfupa kwa mfupa. Hapo ndipo mfupa unapodai hesabu yake. Daktari wa Kijerumani Julius Wolff aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kufuatana na mzigo unaoubeba. Ndiyo maana mpiganaji hupiga mfuko mzito maelfu ya mara kwa miaka: nyufa ndogo ndogo zisizoonekana zinaziba, na mfupa unakuwa mnene zaidi pale unapohitajika. Wapo vijana wanaotaka kuikimbiza kazi hiyo kwa kupiga shina la mti au kusugua miundi kwa chupa. Hao wanaharibu ngozi na mishipa, na mfupa hauna haraka nao. Tena mfupa haujijengi kwa hewa. Unataka madini ya chakula na protini, na ulianza kuyataka tangu mtoto alipokuwa mgongoni kwa mama yake.

Kongo ina watu wake katika historia hii, na si wachache. Chris Ngimbi, mzaliwa wa Kongo aliyetengenezwa katika jimu za Uholanzi, alitwaa mwaka 2011 mkanda wa dunia wa kampuni ya It's Showtime wa kilo 70 kwa kumshinda Murat Direkçi mjini Lyon, Ufaransa. Wakati ule huo ulikuwa uzani mgumu kuliko wote. Ndani yake walikuwamo Giorgio Petrosyan wa Italia, Buakaw wa Thailand na Andy Souwer wa Uholanzi, watu waliokuwa wamegawana mataji ya K-1 kwa miaka. Danyo Ilunga, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia mchezo huu mjini Cologne, Ujerumani, alishika mkanda wa kampuni ile ile kwa kilo 95. Wakongomani wawili, mikanda miwili ya dunia, na ningependa kujua ni shule ngapi za Bukavu ambamo mtoto anaweza kuyataja majina yao.

Tarehe 22 Juni 2013 Ilunga alikuwa New York katika mashindano ya Glory ya kilo 95. Wapiganaji wanane, usiku mmoja. Anayetaka ubingwa apigane mara tatu kabla ya kulala. Alifika fainali akamkuta Tyrone Spong, mzaliwa wa Paramaribo, Suriname, aliyekulia Amsterdam. Mtoto wa Kinshasa na mtoto wa Paramaribo wakasimama mbele ya Wamarekani. Spong alimmaliza katika raundi ya kwanza.

Sisimulii hili kwa ajili ya kushindwa kwa Ilunga. Nalisimulia kwa ajili ya kilichompata mshindi. Miezi kumi baadaye, tarehe 12 Aprili 2014 mjini Istanbul, Spong alipiga teke la chini dhidi ya Gökhan Saki, Saki akainua goti, na mguu wa Spong ukavunjika kwenye muundi. Mfupa uliojengwa kwa miaka zaidi ya kumi ulisalimu amri kwa teke moja. Mwaka uliofuata alihamia kwenye ngumi za kawaida, ambako mguu hutumika kusimama tu. Alikuwa mmoja wa wapiganaji bora wa kizazi chake, na hakuwa amefika hata miaka 30.

Hapo kuna hesabu ambayo kila mzazi anayeulizwa na mwanawe kuhusu kazi hii anapaswa kuifanya. Pambano la kawaida lina raundi tatu za dakika tatu, yaani dakika tisa. Mpiganaji aliyepigana mara 60, idadi inayoheshimika, akimaliza raundi zote kila mara, amefanya kazi ulingoni kwa saa tisa tu katika maisha yake yote. Saa tisa! Dereva wa lori la Uvira anazimaliza kwa siku moja. Yote mengine ni jimu, mbio za alfajiri, mizani na kusubiri simu ya promota. Na kwa sababu kazi yenyewe ni saa tisa, kila dakika iliyopotea kwa jeraha, kwa mkataba mbaya au kwa kampuni iliyofilisika haina pa kulipiwa.

Kampuni hufilisika kweli. Wamiliki wa K-1, waliokuwa wakijaza kumbi za Tokyo na kuonyeshwa katika televisheni ya taifa, walianguka na kutangazwa muflisi mwaka 2012 huku wapiganaji wakiwadai. It's Showtime, iliyotoa mikanda ya Ngimbi na Ilunga, ilinunuliwa na Glory mwaka huo huo, na jina lake likatoweka. Hebu fikiri: umepata taji la dunia, umelitetea kwa damu, kisha aliyekupa taji hayupo. Katika soka, timu ikishuka daraja ligi inabaki. Katika kazi hii ligi yenyewe inaweza kufa ukiwa mazoezini.

Mizani nayo ina kisa chake. Kilo 70 ni uzito wa saa moja tu, ile ya kupimwa. Watu wengi wanaoshindana katika uzani huo hutembea mitaani wakiwa na kilo 75 au zaidi. Siku za mwisho wanaacha chumvi, wanaacha maji, wanavaa nailoni na kukimbia, wanakaa ndani ya mvuke mpaka jasho likatike. Wakishapimwa wanakunywa na kula, na kesho yake wanapanda ulingoni na ubongo ambao bado haujarudishiwa maji yake yote, kisha unapigwa. Mimi nalihesabu hili kuwa uovu mkubwa kuliko teke lolote, kwa sababu halionekani na hakuna anayelipigia makofi wala kulizomea. Na ukirudi Lwiro unaona jinsi dunia ilivyokaa: madaktari wanahangaika kumwongezea mtoto gramu moja baada ya nyingine, na mtu mzima mwenye afya anajinyima maji kwa hiari ili apate kibarua.

Kwa nini watu wetu wanafanikiwa huko na si hapa? Jibu la haraka ni fedha, na ni kweli kwa sehemu. Lakini ngumi za kawaida zinatupa mfano wa kupima. Sumbu Kalambay, mzaliwa wa Lubumbashi, alijenga maisha yake Italia, akatwaa mkanda wa WBA wa uzani wa kati mwaka 1987 na mwaka uliofuata akamshinda Mike McCallum mjini Pesaro. Ilunga Makabu, mzaliwa wa Kananga, alifanya kazi yake kubwa akiwa Afrika Kusini. Lakini tarehe 31 Januari 2020 aliutwaa mkanda wa WBC wa uzani wa kruza mjini Kinshasa kwenyewe, mbele ya watu wake, kwa kumshinda Michał Cieślak wa Poland. Kwa hiyo inawezekana. Mji ule ule uliowapokea Ali na Foreman alfajiri ya Oktoba 30, 1974, kila mmoja akiwa ameahidiwa dola milioni 5, uliweza pia kumpokea mtoto wa Kasai akiwa ndiye mwenyeji. Tofauti ya matukio hayo mawili ni kubwa. Mwaka 1974 Zaire ilikodisha uwanja na anga lake kwa Wamarekani wawili, na baada ya usiku ule hapakubaki ligi wala jimu ya maana iliyotokana nao. Mwaka 2020 aliyepigana alikuwa wa kwao.

Ngumi na mateke hazijapata usiku kama wa Makabu katika ukanda wetu. Zilichopata ni watu wa kuzipigia debe. Kampala ilikuwa na Moses Golola, ambaye kwa majigambo yake tu aliufanya mchezo usiojulikana uzungumzwe kwenye mabasi madogo na vijiwe vya kahawa kuliko ndondi iliyoutangulia kwa miongo mingi. Dar es Salaam ilikuwa na Japhet Kaseba, aliyejipatia jina kwa mateke kisha akahamia kwenye ngumi, kwa sababu ndiko kwenye mapambano ya kutosha na mapromota. Hesabu ya Kaseba naielewa kabisa. Mpiganaji wa Afrika Mashariki anayetaka kulipwa mara nne kwa mwaka hawezi kukaa akisubiri mchezo unaoandaliwa mara moja. Kuhusu Golola, wapo wanaomcheka kwamba alisema sana kuliko alivyopiga. Mimi namheshimu. Aliwaonyesha mapromota kwamba mtu wa kwetu atalipa kiingilio kuja kumwona mtu wa kwetu.

Kwa upande wa ridhaa mlango umefunguka kidogo. Shirikisho la dunia, WAKO, lilipata utambuzi kamili wa Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa mwaka 2021. Utambuzi si nafasi ndani ya Michezo ya Olimpiki, lakini serikali ambayo haiwezi tena kusema mchezo huu ni wa wahuni inapungukiwa na kisingizio.

Halafu kuna Kivu yenyewe. Vita vya 1996 na 1998 vilipita juu ya eneo hili, na Februari 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliuteka uwanja wa ndege wa Kavumu, ule tuliopita njiani kuja Lwiro, na siku mbili baadaye wakaushika mji wa Bukavu. Katika lugha ya mkoa huu neno mpiganaji limeharibiwa. Kijana mwenye nguvu, mwenye pumzi na asiyeogopa maumivu anatafutwa na watu wawili, na wa kwanza kumfikia mara nyingi ni yule mwenye bunduki. Yule wa pili ni kocha mwenye glavu mbili zilizochakaa na mfuko wa mchanga unaoning'inia. Kocha huyo hana mshahara wala hana ofisi, na hata hivyo kwake kijana anajifunza jambo ambalo mwenye bunduki hawezi kumfundisha: kuna mwamuzi, kuna kengele, na ikilia unaacha kupiga.

Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho katika sura hii ni kwa kocha huyo, awe Bukavu, Goma, Uvira au kando ya barabara ya Katana. Kabla hujamfundisha kijana teke, muulize amekula nini tangu asubuhi. Usimkaushe maji ili umpeleke uzani usio wake; mtafutie mpinzani wa uzani alio nao. Mkataba ukija kwa lugha asiyoisoma, utafutie mwalimu auseme kwa Kiswahili mbele ya wazazi wake kabla hajautia sahihi. Na akianguka kwa KO, tume nyingi za ngumi duniani humzuia mtu wa namna hiyo kupigana kwa siku 30 mpaka 90. Wewe huna tume karibu, kwa hiyo tume ni wewe. Usimpandishe mwezi ujao, hata promota akija na pesa taslimu mkononi.